Jibu Nililomfundisha Veronika

Neema, mjukuu wangu, ni mwalimu wa Historia hapahapa Tanga. Juzi alikuja na daftari lake la maandalio akaliweka mapajani mwangu hata kabla sijamaliza kuitikia shikamoo yake. Ukurasa ulikuwa na kichwa kilichopigiwa mistari miwili: jinsi ukoloni ulivyoleta umaskini na kuzuia maendeleo. Chini yake sababu saba, zimepangwa kama vikombe kabatini. Kunyang'anywa ardhi. Kodi. Kazi za kulazimishwa. Mazao ya kupeleka nje. Na kadhalika mpaka ya saba.

"Bibi, wanafunzi wangu wanasinzia," akasema. "Wanazikariri, wanaziandika kwenye mtihani, wanazisahau. Wewe ulikuwapo wakati ule. Ulikuwa unalifundishaje somo hili?"

Nikamwambia nililifundisha mara mbili. Mara ya kwanza nililifundisha kinyume. Mara ya pili nikalifundisha sawasawa, na hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Akanitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Kwa hiyo nimekaa kuandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya ninyi wenzake mlioshika chaki miaka hii. Nimestaafu zamani, sina cheo cha kulinda wala mkaguzi wa kumwogopa.

Kwetu ni milimani, Usambara. Baba alikuwa mkulima wa mboga na mzee wa kanisa la Kilutheri. Nilipomaliza mafunzo ya ualimu, katikati ya miaka ya hamsini, nilipangiwa shule ya shamba la mkonge kando ya reli, kati ya Tanga na Muheza. Jina la shamba silitaji. Nilifika na sanduku la bati, mwavuli, na bango la lishe nililolichora mwenyewe chuoni: yai, samaki, glasi ya maziwa, chungwa, na mama mnene anayetabasamu. Nililikunja kwa uangalifu kuliko nguo zangu.

Shule ilikuwa na darasa la kwanza mpaka la nne, vyumba viwili, walimu watatu. Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Bakari, mtu wa pwani aliyezaliwa Tongoni na kujenga Ngamiani. Kila Jumatatu alfajiri alitoka mjini kwa baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na saa ya kwanza ya somo alikuwa keshafika, kanzu ya Ijumaa iliyopita imekunjwa kwenye kikapu cha nyuma. Ndiye aliyenifanya mwalimu. Chuoni nilipewa cheti tu.

Kwa mfano, alinifundisha kunyamaza. Siku ya kwanza aliketi nyuma ya darasa langu akanisikiliza, kisha akaniita uani.

"Bibie, unauliza swali, halafu unalijibu mwenyewe," akasema. "Ukishauliza, funga mdomo. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mtoto anataka muda wa kuogopa kwanza, ndipo afikiri."

Jaribuni hilo. Miaka thelathini na kitu nimehesabu mpaka kumi, na mara nyingi jibu zuri lilikuja kwenye nane au tisa.

Alinifundisha pia kupaka ubao rangi. Hatukuwa tunaletewa rangi. Tulisaga mkaa, tukachanganya na majani ya maboga yaliyopondwa, na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Mara ya kwanza nilipoachiwa kazi hiyo peke yangu niliona uji ukizidi rangi itashika zaidi. Ubao ulikuwa mbichi, tukautoa nje ukauke. Tuliporudi kutoka kwenye chai, mbuzi wawili wa karani wa shamba walikuwa wameulamba kuanzia chini mpaka walipofikia. Kwa wiki mbili niliandikia nusu ya juu tu, nimesimama juu ya kiti, na Mwalimu Bakari kila akipita mlangoni anauliza kama mbuzi wamefaulu.

Karani yule mkumbukeni, maana ndiye peke yake kwenye shamba lile aliyeruhusiwa kufuga. Alikaa kwenye nyumba ya matofali nje ya kambi, ana ua, ana kuku, ana kipande cha mchicha na mipapai. Wafanyakazi wengine, wale tuliowaita manamba kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake, walikaa kambini: safu za vyumba, mlango mmoja, dirisha moja, familia moja. Wengi walitoka mbali, Kigoma, Songea, hata ng'ambo ya mipaka. Kila wiki walipimiwa posho, yaani unga wa mahindi, maharage na chumvi. Mkonge ulianza hatua chache kutoka ukuta wa mwisho wa kambi.

Mimi nilipewa somo la afya na maarifa ya nyumbani. Kitabu cha mwalimu kilikuwa na maswali na majibu yake. Nilitundika bango langu, nikashika fimbo ya kuelekezea, na darasa la nne likaimba baada yangu kila asubuhi ya Jumanne.

"Maradhi na umaskini vinaletwa na nini?"

"Vinaletwa na ujinga, uvivu na uchafu."

Walikuwa na sauti nzuri. Niliona fahari. Sikujiuliza hata siku moja watoto wale walikuwa wanamtaja nani. Baba zao waliamka kabla ya jua kwenda kukata majani ya mkonge, wakarudi mchana mikono imechanika na kipande, ile kadi ya siku za kazi, kimetiwa alama au hakikutiwa, kwa kadiri nyapara alivyoona. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watoto wao nikiwaimbisha kwamba nyumbani kwao kuna uvivu.

Alhamisi alasiri nilikuwa na darasa la kina mama barazani. Niliwaonyesha namna ya kupika mayai kwa maziwa kwa mtoto aliyeachishwa ziwa, kama kitabu kilivyoagiza. Mayai niliyapata kwa mke wa karani. Kina mama walitazama, wakaonja kwa ncha ya kijiko, wakasifu. Kisha mmoja wao, Mama Vero, Mha mrefu mwenye maneno machache, akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, mayai haya tuyapate wapi?"

"Kwa kuku, mama."

"Kuku tumekatazwa."

"Basi samaki."

"Samaki wako Tanga."

"Mchicha je? Mchicha hauhitaji pesa. Ni kuchimba tu na kumwagilia." Nilisema hivyo, mtoto wa mkulima wa mboga, kwa ujasiri wote.

Akasema, "Tuchimbe wapi?"

Wenzake wakacheka, si kwa ubaya, nami nikacheka nao nikaendelea na somo la kuchemsha maji. Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mimi ilinichukua miezi miwili.

Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kukagua nyumba za kambi na kutoa alama: sakafu, vyombo, maji, chandarua, watoto. Siku moja nikafika kwa Mama Vero. Binti yake mkubwa, Veronika, alikuwa darasa la nne, mwembamba, kimya kama mama yake, na hesabu zake zilinitia woga kwa sababu alimaliza kabla yangu. Mlangoni alikaa mdogo wake, Petro, wa miaka miwili na ushee. Nywele zake zilikuwa zimebadilika rangi ya kutu. Miguu imefura, uso umevimba, na hakugeuka nilipomwita. Kuna namna mtoto anavyonyamaza kwa njaa ambayo si kama kunyamaza kwa mtoto mwingine. Nilikuwa nimeisoma kitabuni.

Mama Vero alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Kagua, mwalimu," akasema.

Nikakagua. Sakafu imefagiwa mpaka unaona mistari ya ufagio. Sufuria mbili zinang'aa. Mtungi umefunikwa, na juu yake kata imegeuzwa kama nilivyofundisha. Nguo za mtoto zimefuliwa.

"Maji umechemsha?"

"Nimechemsha. Kila ulichosema nimefanya. Sasa andika, halafu uniambie kipi nimekosea."

Nilishika penseli yangu nikakosa cha kuandika. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayemuuliza fundi. Nikampa alama zote nikaondoka, na nilipofika nyumbani nikalitazama bango langu, yule mama mnene anayetabasamu, nikaona aibu kuwa nalo chumba kimoja.

Petro alifariki kabla ya masika. Tulimzika kwenye makaburi ya shamba, hatua chache kutoka kwenye mkonge. Jumanne iliyofuata sikuwaimbisha.

Badala yake niliwatoa nje wasichana wa darasa la nne, walikuwa tisa, nikawaambia kazi yao ni moja: tafuteni mahali ambapo mama anaweza kupanda tuta la mchicha. Anzieni ukuta wa kambi, nendeni pande nne, mhesabu hatua. Walikwenda wawili wawili, na Veronika peke yake. Walirudi wamelowa jasho. Upande wa kaskazini mkonge mpaka mtoni, na ukingo wa mto ni marufuku. Upande wa kiwanda, marundo ya taka za mkonge na harufu yake. Upande wa barabara, mkonge. Upande wa reli, Veronika alikuwa amehesabu hatua elfu mbili na mia nne, zote kati ya mistari ya mkonge, na mwisho wake reli.

"Kabla ya mkonge palikuwa na nini?" akauliza.

Sikujua. Tukaenda kituoni tukamuuliza bibi mmoja wa Kidigo aliyeuza vitumbua pale kwenye treni. Akaacha kugeuza vitumbua, akaonyesha kwa mwiko. Pale lilipo tangi la maji palikuwa kwa mama yake. Mpunga, akasema, na minazi kule juu. Waliambiwa wahame wakati wa Wajerumani, na walipokuja Waingereza hakuna aliyewaambia warudi. Kisha akageuza vitumbua vyake kabla havijaungua.

Wiki zilizofuata tulilisoma shamba lile kama kitabu. Nilinunua kipande cha kamba dukani Ngamiani nikakileta darasani, tukafuata safari yake kinyumenyume. Kamba imetoka melini. Meli imetoka Ulaya. Huko kamba imetengenezwa kwa nini? Kwa mkonge. Mkonge umetoka wapi? Hapo nilihesabu mpaka kumi, na kwenye tano darasa zima lilikuwa linatazama dirishani. Tukachora reli ubaoni. Inaelekea wapi? Bandarini. Kuna reli inayoleta chakula kambini? Hakuna. Nani anaukata mkonge, na nani anapanga bei yake? Kwa nini shule yetu inaishia darasa la nne? Sikuwapa orodha ya sababu. Nilianza na sahani ya mtoto na kuuliza kila kitu kimetoka wapi na kila kisichokuwapo kimekwenda wapi. Neema, ukitaka wasisinzie, ndiyo njia. Naijua inafanya kazi kwa sababu niliona nyuso zao. Veronika alikuwa anaandika kila kitu, hata nilichokuwa nakisema kwa kujisemea.

Mwalimu Bakari alisikia. Kuta zetu zilikuwa za fito na udongo, angewezaje kutosikia. Akaniita uani tena.

"Haya unayowafundisha ni kweli tupu," akasema. "Mimi nayajua tangu sijaota ndevu. Shamba la babu yangu limekwenda vivyo hivyo. Lakini mtihani unakuja. Wape watoto majibu mawili. Moja la kuandika, moja la kuishi nalo. Na waambie lipi ni lipi, na nani aambiwe lipi."

"Mwalimu, si huo ni unafiki?"

"Ni unafiki," akakubali. "Umenifikisha hapa nilipo. Ndio uliokupa wewe mwalimu mkuu mweusi badala ya kukosa kabisa."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilimjibu kwamba kweli ni moja, na mimi sitawafundisha watoto kusema uongo. Nilisema kwa adabu, lakini ndani nilimdharau. Nilifikiri huyu ni mzee aliyechoka. Nilijiona shujaa, na ningependa mlielewe hilo vizuri kwa sababu ndilo kosa lenyewe. Nilijitayarisha kufukuzwa kazi. Nilitunga hotuba, nikaikariri njiani kati ya nyumba na shule: nitakayowaambia wakiniita, namna nitakavyosimama, namna nitakavyokabidhi funguo za kabati. Mwalimu Bakari hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, bibie," akaenda kupiga kengele.

Mwisho wa mwaka ule shule ya bweni ya wasichana ilitenga nafasi moja tu kwa shule yetu, ya kuingia darasa la tano. Moja. Mtihani wa kuandika ulitoa watatu: Veronika wa kwanza, Zuhura binti wa karani wa pili, na mwingine aliyeitwa Mariamu. Bibi Mkaguzi wa elimu akaja kutoka mjini kuwahoji ana kwa ana. Alikuwa Mwingereza wa makamo, mwenye Kiswahili safi alichokisema polepole, na alileta biskuti kwa ajili ya watoto. Hakuwa mkali. Mara nyingi nimetamani angekuwa mkali.

Mimi niliwekwa kwenye kona ya chumba ili watoto wasiogope. Mariamu akaingia, akatetemeka, akatoka. Zuhura akaingia. Aliulizwa kwa nini watoto wengi wa kambini wana afya mbaya, akajibu kwamba mama akiwa safi na akipika vizuri watoto huwa na afya, kama kwao. Na kwao ilikuwa kweli, kwa sababu kwao kulikuwa na kuku na mipapai. Zuhura hakudanganya. Alikuwa mtoto mwema, na baadaye akawa muuguzi mzuri. Sina neno naye.

Kisha akaingia Veronika. Alikuwa amevaa gauni la mama yake lililopunguzwa.

"Hesabu zako ni nzuri kuliko zote, Veronika," Bibi Mkaguzi akamwambia. "Kaa. Unaishi kambini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Watoto wengi kambini wamevimba miguu na matumbo. Unajua kwa nini?"

"Wanakula ugali na maharage, Bibi. Maharage yakiisha wanakula ugali."

"Mama zao hawajui kupika vyakula vingine?"

Veronika alingoja. Nilijua anahesabu, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha na wao kuhesabu.

"Wanajua. Mama yangu anajua. Hakuna mahali pa kupanda. Kila upande ni mkonge, na kufuga kuku tumekatazwa. Zamani palikuwa na mpunga wa watu, wakaambiwa wahame. Sasa mkonge unapelekwa Ulaya, unarudi umekuwa kamba, na aliyeukata hawezi kuinunua. Kwa hiyo si ujinga, Bibi. Wamefanywa maskini."

Alisema kwa sauti ya kujibu jedwali la kuzidisha. Hakuwa na ghadhabu hata kidogo. Bibi Mkaguzi aliacha kuandika.

"Nani amekufundisha maneno haya?"

Mtoto alinitazama. Ilikuwa mara moja, kwa muda mfupi sana, kisha akarudisha macho mezani.

"Nimepima mwenyewe," akasema. "Kutoka kambini mpaka relini ni hatua elfu mbili na mia nne."

"Asante, Veronika. Chukua biskuti. Unaweza kwenda."

Alipotoka, Bibi Mkaguzi alifunga kalamu yake. Sasa ataniuliza, nikawaza. Hotuba yangu ilikuwa tayari yote, kuanzia neno la kwanza. Lakini hakuuliza habari zangu.

"Ana akili nyingi mtoto huyu," akasema, na nadhani alisikitika kweli. "Lakini bwenini wanakaa watoto wengi, Mwalimu Naomi. Mmoja akiwa na kinyongo, wote wanaambukizwa. Zuhura ni mtulivu. Naona nafasi tumpe Zuhura. Wewe unaonaje?"

Aliniuliza. Mara nyingi nikisimulia kisa hiki watu wananiambia, ungefanya nini, wakati ule, mwanamke, mwalimu mdogo, mbele ya Mzungu. Lakini aliniuliza naonaje, na alingoja jibu. Ningeweza kusema kwamba mtoto hana kinyongo. Ningeweza kusema maneno yale ni yangu. Hotuba niliyoitunga ilikuwa inanihusu mimi, funguo zangu na kusimama kwangu. Kwa ajili ya Veronika sikuwa nimetunga hata sentensi moja.

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Hakuna aliyenifukuza. Mwaka uliofuata nilithibitishwa kazini.

Jioni ile, jua bado lipo, nilikwenda kambini. Mama Vero alikuwa anachambua mawe kwenye maharage ya posho. Nikamweleza yote, pamoja na jibu la binti yake na jibu langu. Alisikiliza huku vidole vikiendelea.

"Lile alilosema Vero ni uongo?" akauliza.

"Si uongo, mama. Ni kweli. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Akatupa jiwe dogo nje ya mlango.

"Ungeniambia mapema, mwalimu. Kunyamaza ningemfundisha mimi. Hilo nalijua vizuri."

Alinikaribisha nikae, nikakaa, nikamsaidia kuchambua maharage mpaka yakaisha.

Mwalimu Bakari aliandika barua kuomba nafasi ya pili. Aliiandika kwa mwandiko wake wa maua, akairudia mara tatu, ikajibiwa kwa mistari miwili. Hakuniambia kwamba alinionya. Ningeona afadhali angesema. Miaka miwili baadaye alistaafu, tukamfanyia karamu ndogo ya pilau, nami nikasimama nikamshukuru kwa mambo mengi, ya ubao na ya kuhesabu mpaka kumi. Jambo moja nililopaswa kumwomba radhi sikulitaja. Nilijiambia nitakwenda Ngamiani kumwona. Nilikwenda kwenye matanga yake.

Mnaweza kuniuliza sasa, je, tufundishe kweli au tusifundishe? Fundisheni. Siku hizi imo kwenye muhtasari, hakuna bweni litakalomkataa mtoto kwa kuitaja. Lakini kumbukeni kwamba kilichomfanya Veronika akose shule si jibu lake peke yake. Kilikuwa ile nafasi moja. Nchi iliyochukua mkonge wote ule ilikuwa na nafasi moja kwa wasichana tisa wenye akili, na ikatuachia sisi, mimi na Mwalimu Bakari na Mama Vero, tubebe lawama ya nani aipate. Hiyo iandike kwenye daftari lako, Neema, iwe ya nane. Na ukishaiandika, usijifiche nyuma yake kama ninavyotaka kujificha mimi. Ukimpa mtoto kweli, kaa naye karibu siku atakapoulizwa.

Nilimwona Veronika mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ile ya hamsini, siku ya Jumamosi, sokoni Ngamiani. Mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele yangu akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Ilinichukua muda kumtambua. Baba yake alikuwa amemaliza mkataba wakahamia shamba jingine, upande wa Pangani. Yeye alifanya kazi kwenye chumba cha brashi, wanakosafisha nyuzi za mkonge, kisha akaolewa na dereva wa trekta. Alikohoa kidogo alipozungumza, kwa vumbi la nyuzi, akasema. Mama hajambo. Tuliulizana habari zote za kuulizana. Nilitaka kumwambia ninachowaandikia ninyi hapa, na kila nilipofungua mdomo, likatoka jambo la bei ya nazi.

Yeye ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu, kina Zuhura walipoingia darasa la tano, hesabu walianzia wapi?"

Nikamwambia walianza na desimali. Najua, kwa sababu Zuhura alinionyesha madaftari yake likizo.

"Desimali ni nini?"

Tukaketi kwenye benchi nje ya duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Nilikuwa na karatasi ya kaki iliyofungiwa sukari, nikaikunjua. Nikaandika moja, nikaweka nukta, nikaandika tano, nikamweleza kwamba upande huu ni nzima na upande huu ni vipande, na kila unaposogea kulia kipande kinakuwa kidogo mara kumi. Mtoto mgongoni alianza kulia, akamtikisa bila kuondoa macho kwenye karatasi. Nikampa swali moja, kisha la pili, gumu kuliko la kwanza, lile ambalo darasa zima la tano hulikosea.

Alilifanya bila kufuta. Akaniuliza kama ndivyo. Nikamwambia ndivyo.

"Kumbe ni rahisi," akasema, akanirudishia penseli yangu, akanyanyuka kwenda kuwahi gari la shamba.